Hofu Moja: Nchi Ndogo Inapomchagua Rafiki

Hotuba mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wakazi wa Kisumu

Wazee wetu, mama zangu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo. Ninayotaka kusema ni ya ninyi hasa, kwa sababu ninyi ndio mtakaoishi na mikataba inayotiwa sahihi sasa.

Nimeombwa nizungumzie jinsi nchi ndogo zinavyochagua marafiki pale jirani mwenye nguvu anapozikodolea macho. Mwalimu aliyenialika alidhani nitaanzia Ulaya. Nikamwambia la, nitaanzia hapahapa. Ukisimama Kisumu umesimama juu ya ardhi ambayo jirani aliwahi kuidai hadharani, na wengi wenu mlio na mvi mnakumbuka siku zenyewe.

Ilikuwa Februari 1976. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Busia. Baba alikuwa na baiskeli ya kubebea abiria, kutoka upande wetu wa mpaka hadi upande wa Uganda na kurudi. Ni kazi hiyo, kwetu Busia na Malaba, iliyozaa jina boda boda, watu wakiitana abiria wa boda hii hadi boda ile. Jioni moja akarudi jua likiwa bado juu, akaiingiza baiskeli ndani ya nyumba badala ya kuiegemeza ukutani. Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, kufika kilomita zipatazo 32 tu kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda tangu asili. Mama akamwuliza, "Baba watoto, sasa sisi ni wa nani?" Baba akasema, "Sisi ni wa hapa. Funga mlango."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, niligundua kitu kilichonisumbua. Amin hakuzua yote. Hadi mwaka 1902 Kisumu, Nakuru na Naivasha zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakahamisha mstari kwa kalamu ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Nawaomba walimu mlifundishe hilo bila woga. Jirani anayetaka ardhi yako mara nyingi huja na ramani ya kweli mkononi. Uongo wake hauko kwenye ramani, uko kwenye haki anayodai kwamba ramani hiyo inampa.

Kenya ilifanya nini? Jeshi letu lilikuwa dogo. Uganda ilikuwa na ndege za MiG kutoka Umoja wa Kisovieti, nasi anga yetu ilikuwa karibu tupu. Mikutano ya hadhara ilifanyika nchi nzima, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Kisha ikaja Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 4 makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, waliozuiliwa uwanja wa Entebbe nchini Uganda, na ndege za makomando hao zikajaza mafuta Nairobi. Amin akalipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Mamia waliuawa. Maelfu walivuka kurudi nyumbani kupitia Busia na Malaba, wengine na mtoto mgongoni na sufuria mkononi tu, nami niliwaona kwa macho yangu wakipita mbele ya nyumba yetu. Siwezi kulisimulia hilo kana kwamba ni habari ya kitabuni.

Kenya ikaidai Uganda malipo ya bidhaa zinazopita kwetu kwa fedha zetu, mafuta yakawa haba Kampala, na wakati huohuo meli ya kivita ya Marekani ikatia nanga Mombasa na ndege ya doria ya majini ikatua Nairobi. Marekani pia ilikuwa imekubali kutuuzia ndege za kivita za F-5. Mwezi Agosti Uganda ikakubali makubaliano.

Nani aliyemzuia Amin? Kwa maoni yangu, kilichombana zaidi ni bahari asiyokuwa nayo. Nchi isiyo na bandari haipigani kwa muda mrefu na nchi inayoishikilia njia yake ya mafuta. Lakini meli ile nayo ilisema neno. Na hapa ndipo mada yangu inapoanza kweli: Mmarekani hakumwogopa Amin hata kidogo. Alichokihofia ni silaha za Kisovieti kuzagaa Afrika Mashariki. Hofu yetu na hofu yake zilikutana kwa majuma machache, na kwa majuma hayo tukawa na rafiki.

Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa Marekani wa uhusiano wa mataifa, Stephen Walt, alilieleza jambo hili kwa namna iliyobadilisha ufundishaji wa somo lenyewe. Kabla yake wengi walisema kwamba nchi huungana dhidi ya yule aliye na nguvu nyingi kuliko wote. Walt akasema la, nchi huungana dhidi ya yule anayetisha kuliko wote, na kutisha si nguvu tu. Kuna wingi wa watu na mali, ndiyo, lakini kuna pia ukaribu, kuna silaha zinazofaa kushambulia, na kuna nia. Simba aliye mbugani ana nguvu kuliko chui aliye zizini kwako, lakini usiku ukiingia unamlinda ng'ombe dhidi ya nani?

Angalieni Kenya ilipopata uhuru. Kaskazini tulikuwa na majirani wawili wa kupima. Ethiopia ilikuwa na watu wengi mno kuliko Somalia, jeshi kubwa zaidi, na mpaka mrefu nasi. Ukipima kwa nguvu tupu, Ethiopia ndiyo ya kuogopwa. Lakini bendera ya Somalia ilikuwa na nyota yenye ncha tano, na kila ncha ilikuwa eneo la Wasomali: mbili zilikwisha kuungana kuwa Jamhuri, tatu zilikuwa bado nje, nazo ni Jibuti, Ogaden iliyo Ethiopia, na wilaya yetu ya mpaka wa kaskazini. Nia ilikuwa imeshonwa kwenye kitambaa. Vita tulivyoviita vya Shifta vikaanza mwaka 1963 na kuendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosuluhishwa na Rais Kaunda wa Zambia. Wananchi wa kaskazini waliumia sana katika vita hivyo, tena kwa mikono ya serikali yao wenyewe, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimelisahau hilo.

Basi Kenya ikafunga mkataba wa ulinzi na Ethiopia. Mfalme Haile Selassie upande mmoja, Mzee Kenyatta upande wa pili, hilo halikumshangaza mtu. Ajabu inakuja baadaye. Mwaka 1974 mfalme anapinduliwa. Wanajeshi wanaotwaa madaraka, na hatimaye Mengistu, wanatangaza ujamaa wa Kimaksi, wanawafukuza Wamarekani, wanaingia kwa Wasovieti. Kenya wakati huo ni rafiki mkubwa wa Uingereza na Marekani, nchi ya mashamba makubwa na biashara huria, nchi ambayo kumwita mtu mkomunisti kulitosha kumharibia kazi. Ungetegemea mkataba ufe siku hiyohiyo.

Haukufa. Somalia ilipoivamia Ogaden mwaka 1977, Kenya ilisimama na Ethiopia ya Kimaksi. Februari 1978 ndege zetu za kivita ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia kutua Nairobi. Misri! Nchi rafiki ya Marekani, rafiki wetu sisi pia. Januari 1979 Rais Moi na Mengistu wakatia sahihi mkataba mpya wa urafiki na ushirikiano. Mmoja alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, mwingine ameijaza Addis Ababa picha za Marx na Lenin. Hawakuwa na lugha moja, wala dini moja, wala itikadi moja. Walikuwa na hofu moja.

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna mkataba mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kenya auelewe ni huo. Tunauacha upite kwenye silabasi kwa mstari mmoja. Tunawafundisha watoto Bismarck na mikataba yake yote, vizuri kabisa, kisha hawajui kwamba nchi yao wenyewe ilifanya jambo gumu kama hilo na likasimama.

Sasa geuzeni upande wa pili wa shilingi. Somalia nayo ilikuwa na rafiki, tena mkubwa. Mwaka 1974 Siad Barre, mtawala wa Somalia, alitia sahihi mkataba wa urafiki na Umoja wa Kisovieti, wa kwanza wa aina hiyo kusini mwa Sahara. Wasovieti walimpa vifaru, ndege na washauri, wakajenga bandari ya Berbera. Kwa nguvu za silaha hizo akaingia Ogaden. Na rafiki yake akafanya nini? Akapima, akaona Ethiopia ni kubwa zaidi na sasa nayo inaimba wimbo wa Moscow, akahamia huko. Silaha zikamiminika Addis Ababa, askari wa Cuba wakafika kwa maelfu, na washauri walewale walioijua vizuri mipango ya Wasomali wakakaa upande wa adui. Novemba 1977 Siad Barre akawafukuza Wasovieti, lakini Machi iliyofuata vita vilikuwa vimekwisha na ameshindwa. Yeye alimhofia Mhabeshi. Moscow haikuwahi kumhofia Mhabeshi. Waliungana kwa sababu tofauti, wakaachana siku sababu moja ilipokwisha.

Baadaye Marekani ikampokea Siad Barre na kukodi nafasi Berbera mwaka 1980. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa imekubaliana na Kenya kutumia vituo vyetu, Mombasa ikiwemo. Yaani rafiki yetu mkubwa akawa anamsaidia yule tuliyemwogopa. Hakutusaliti. Yeye alikuwa akitazama Ghuba ya Uajemi na mafuta yake, sisi tulikuwa tukitazama Mandera, mpakani na Somalia. Addis Ababa tu ndiyo iliyokuwa ikitazama tulikokuwa tukitazama.

Nirudi nyumbani zaidi, kwa sababu naona wazee wa Kakamega na Mumias wameketi hapa, na najua hili linawagusa.

Nabongo Mumia alishika utawala wa Wanga, ufalme wa hapa magharibi uliokuwa na makao Mumias, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wanga ilikuwa imebanwa. Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakisukuma upande mmoja, Wabukusu upande mwingine. Mumia alikwisha kuwakaribisha Waswahili wa misafara ya pwani na bunduki zao, na wapiganaji wa Kimaasai kutoka Uasin Gishu. Mvumbuzi Joseph Thomson alipita pale mwaka 1883, kisha wakaja maofisa. Mumia akawapokea wote kwa mlango uleule: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1895 wapiganaji wa Wanga walikuwemo katika jeshi la Waingereza lililowapiga Wabukusu kule Chetambe, karibu na Webuye, kwa bunduki za rashasha dhidi ya watu waliojilinda kwa kuta za udongo na mikuki. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu, na ndugu zake wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Kuna nyumba hapa magharibi ambako jambo hilo bado linatajwa kwa uchungu wakati wa kugawana viti vya siasa.

Huwa nasikia Mumia akiitwa msaliti. Mimi siwezi kumwita hivyo. Koitalel arap Samoei na Wanandi walikataa, wakapigana miaka kumi, na Oktoba 1905 Koitalel aliuawa na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Waliokubali walilipa, waliokataa walilipa. Swali langu kwa Mumia ni jingine kabisa: Mwingereza alikuwa akihofia nini? Hakuhofia Ugenya wala Wabukusu. Alihofia njia ya Uganda kufungwa. Njia ya misafara ilipita Mumias, kwa hiyo Mumia alikuwa muhimu. Desemba 1901 reli ikafika hapa Kisumu. Mizigo ya Uganda ikaanza kupanda meli kwenye ziwa letu, na njia ya Mumias ikaota majani. Baadaye hata makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Mzee alifariki mwaka 1949 akiwa na heshima yake, lakini dola haikuwapo tena. Rafiki hakugombana naye. Hakumhitaji tu.

Walimu wa Nakuru nanyi msijione mmepona. Ardhi mnayoishi ina mkataba wake. Wamaasai waliingia miaka ya 1890 wakiwa wamevunjika kwa sotoka ya ng'ombe na ndui, na juu ya hayo wamegawanyika kati ya viongozi wawili, Lenana na nduguye Sendeyo. Lenana akawaegemea Waingereza, na vijana wake wakapigana nao bega kwa bega katika misafara ya kuwatiisha wengine, Wanandi wakiwemo. Mwaka 1904 wakatia sahihi makubaliano: Wamaasai wataondoka Naivasha na Nakuru kuwapisha walowezi, nao watapewa Laikipia na eneo la kusini, na makubaliano yadumu maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911, baada ya Lenana kufariki, wakaambiwa wahame tena, Laikipia nayo inatakiwa.

Walikwenda mahakamani. Hili ndilo ninalotaka mlishike. Mwaka 1913 mahakama iliikataa kesi yao kwa hoja kwamba Wamaasai walikuwa kama taifa la kigeni chini ya ulinzi, na kwamba mkataba kati ya mataifa hauwezi kudaiwa katika mahakama ya kawaida. Walikuwa taifa siku ya kupoteza kesi. Siku nyingine zote walikuwa raia wa kutawaliwa. Nilipowasomesha wanafunzi wangu kesi hiyo, msichana mmoja alifunga daftari akakataa kuandika. Sikumlazimisha.

Sasa naweza kwenda Ulaya, na sitakaa sana. Mwaka 1939 Stalin aliwataka majirani zake wadogo wa Baltiki wapokee vituo vya jeshi lake. Estonia, Latvia na Lithuania zikakubali, kati ya Septemba na Oktoba, zikiamini kwamba kumridhisha jirani ni nusu ya usalama. Juni 1940 zilikuwa zimekaliwa, na miezi michache baadaye zimemezwa. Finland ilikataa. Ikavamiwa Novemba 30, 1939, ikapigana kwenye theluji hadi Machi 1940. Ikapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nchi, na zaidi ya watu 400,000 wakahama makwao, lakini ikabaki dola. Sweden, jirani na ndugu, ilituma silaha na watu wa kujitolea. Jeshi haikutuma. Kwa nini? Sweden ilikuwa imekaza jicho lake kwa Ujerumani.

Finland ikajifunza kuishi. Mwaka 1948 ilifunga mkataba na Moscow, ikapima maneno yake kwa miaka arobaini, ikafanya biashara pande zote, na wakati wote huo haikuacha kufundisha vijana wake jeshi. Wako waliowadharau kwa unyenyekevu huo. Mimi nauona kuwa kazi ngumu iliyofanywa na watu waliojua kilomita za mpaka wao, ambazo ni zaidi ya 1,300. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine yote, na Finland na Sweden zikatazama upande mmoja kwa mara ya kwanza. Finland ikaingia NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, Aprili 2023, Sweden Machi 2024, baada ya karne mbili za kutofungamana na upande wowote. Urusi haikuwa imeongezeka nguvu kwa kipimo cha mizani mwezi ule. Ilikuwa imeonyesha nia.

Georgia, jirani mwingine mdogo wa Urusi, ilipata bahati mbaya ya aina yake. Aprili 2008, kule Bucharest, viongozi wa NATO waliiahidi kwamba siku moja itakuwa mwanachama. Siku moja. Hakuna tarehe, hakuna ulinzi wa kipindi cha kusubiri. Agosti mwaka huohuo vita vya siku tano vilikuwa vimekwisha, na Urusi ilikuwa ndani ya maeneo mawili ya Georgia, Abkhazia na Ossetia Kusini. Ahadi ya namna hiyo humwamsha jirani bila kukupa fimbo. Amin naye alilijua hilo mwishowe: mwaka 1979 Libya ilimtumia askari wamsaidie dhidi ya Tanzania, askari wasioijua nchi wala kuielewa hofu yake, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kuna jambo la leo ambalo mtaniuliza nikinyamaza, kwa hiyo nalisema. Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkubwa asiye mwanachama wa NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara. Watu walishangilia, wengine walikasirika. Mimi nilitaka mtu mmoja bungeni asimame aulize: hofu yetu ni ipi, na hofu yao ni ipi? Hadhi hiyo inarahisisha kununua silaha na kufanya mafunzo. Haimlazimishi mtu kuja kutupigania. Si jambo baya kuwa nalo, lakini ni jambo tofauti na lile la Addis Ababa, na nchi ikichanganya hayo mawili italala usingizi mahali ambapo haikupaswa kulala. Uingereza ilituletea askari mwaka 1964, wanajeshi wetu walipoasi pale Lanet, Nakuru. Walifika haraka kwa sababu walikuwa hapa bado, na walikuwa na mali na watu wao wa kulinda. Sidhani kama mtu anapaswa kuliita hilo upendo, wala sidhani ni aibu kuliita kwa jina lake.

Kabla ya kuanza, pale nje, mwanafunzi mmoja kutoka Mbita aliniuliza swali lililonifanya nibadilishe mwisho wa hotuba hii. Alisema: "Mwalimu, na kama jirani anatisha, halafu hakuna mwingine anayemwogopa? Ukikosa mtu wa hofu moja nawe, unafanya nini?" Yeye anatoka kwenye ziwa ambamo kisiwa cha Migingo, kipande cha mwamba kilichojaa mabati, kimewaletea wavuvi wetu askari wa Uganda na kodi za nguvu. Najua swali lake halikutoka hewani.

Jibu langu ni Botswana. Mwaka 1966 Botswana ilipata uhuru ikiwa moja ya nchi maskini kabisa duniani, imezungukwa na utawala wa Wazungu karibu pande zote: Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, Namibia iliyokaliwa na Afrika Kusini, Rhodesia ya Ian Smith, ambayo sasa ni Zimbabwe. Haikuwa na jeshi hadi 1977. Rais wake wa kwanza, Seretse Khama, hakuweza kupigana, na hakuna dola kubwa iliyokuwa tayari kumpigania. Akabaki ndani ya umoja wa forodha na Afrika Kusini, maana kila gunia la unga lilipita huko. Akakataa kubadilishana mabalozi nao. Akawapokea wakimbizi, akakataa nchi yake iwe kambi ya wapiganaji. Alikwenda kwenye mikutano ya nchi za mstari wa mbele pamoja na Nyerere na Kaunda, na Aprili 1980, Lusaka, nchi tisa zikaanzisha jumuiya ya kupunguza utegemezi kwa Afrika Kusini. Haikuwa na bunduki hata moja. Ilikuwa na barabara, reli na bandari. Haikuwazuia makomando wa Afrika Kusini kuingia Gaborone Juni 1985 na kuua watu 12. Lazima niseme hivyo pia.

Lakini katika yote hayo kuna mahali paitwapo Kazungula. Pale, kwenye mto Zambezi, Botswana na Zambia zinagusana kwa mita chache tu, mia moja hamsini hivi. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilidai kwamba hata mita hizo hazipo, kwamba nchi hizo mbili hazina mpaka. Botswana ikashikilia kwamba zipo. Kivuko kikaendelea kuvusha lori moja baada ya jingine. Ikajengwa barabara ya kwenda kaskazini, mamia ya kilomita kupita nyika, kwa msaada wa Marekani. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yakakizamisha kivuko. Wakaleta kingine.

Yule kijana akaniuliza mita mia moja hamsini zina faida gani mbele ya jeshi. Nikamwambia aende kwenye ramani atazame daraja lililofunguliwa pale Mei 10, 2021. Lina urefu wa mita 923, na halikunyooka. Limepinda katikati ya mto, makusudi, lisiguse ardhi ya nchi nyingine yoyote, na malori yanapita juu yake mchana na usiku.